Chai Isiyo na Sukari

Huko Boito, miaka michache baada ya Uhuru, mtu hakuingia nyumba ya mgonjwa mikono mitupu. Alileta pakiti ya sukari, na chai ikapikwa papo hapo, tamu mpaka midomo inanata. Desturi hiyo nusura imnyime Bilhah macho.

Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mjukuu wake Bitutu alizaliwa ukungu ukiwa umeshatanda, akapewa jina la marehemu mama mzazi wa Bilhah.

"Ana mwanya kama wa mama?" Bilhah aliuliza kila mara.

"Anao, mama," mkaza mwanawe Mellen, mke wa Makori, alimjibu. Lakini mwanya si kitu cha kusimuliwa.

Daktari wa hospitali ya misheni alichemsha mkojo wa Bilhah pamoja na dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya matofali.

"Mama, una ugonjwa wa sukari. Nikikupasua hivi, kidonda kitakataa kupona. Meza vidonge, acha sukari, uje mwezi ujao. Na hata hapo siahidi. Huenda jicho limeharibika kwa nyuma, mahali nisipoweza kupaona sasa."

Bilhah aliacha sukari yake. Ya wageni je? Angekisukumaje kikombe cha mtu aliyepanda mlima kwenye mvua? Alikunywa, akashukuru. Mwezi uliofuata, matofali tena.

Jirani yake Chepkosgei, mwenzake wa kuchuma majani chai tangu ujana, alishika kiuno. "Mama Makori, utapofuka kwa adabu? Wageni niachie mimi."

Akaketi mlangoni kwa Bilhah na birika, akamwambia kila mgeni: "Sukari rudisha kwako. Hapa tunakunywa bila, sisi wote."

"Hata mimi?" mgeni mmoja akauliza.

"Hata pasta."

Pasta alikunywa, akakohoa, akaomba kwa kifupi sana. Chepkosgei naye alifyonza yake kwa sauti. "Aa! Tamu kweli. Sijui sukari tulikuwa tunaitakia nini." Bilhah akaamini, naye akaizoea.

Safari ya tatu, mkojo ulibaki buluu. Alipasuliwa jicho moja, akalazwa chali, vifuko vya mchanga kando ya kichwa asigeuke. Kidonda kilipopona, daktari alimulika ndani, akatabasamu: sukari ilikuwa imeacha alama ndogo tu. Akampa miwani nene kama kitako cha chupa.

Nyumbani Mellen alimsogeza Bitutu. Mtoto akaitazama ile miwani, akaangua kicheko. Mwanya ulikuwa pale, wa mama kabisa! Bilhah alicheka, akalia, miwani ikaingia ukungu, akaipangusa upesi atazame tena.

Chai ikamiminwa. Chepkosgei akafyonza. "Aa! Tamu kweli."

Bilhah akamgeukia. Uso wa rafiki yake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyelamba shubiri.

"Chepkosgei! Muda huo wote ulikuwa unakunja uso hivyo?"

"Nani angeniona?"

Bilhah alicheka mpaka akashika mbavu. "Mellen, mwanangu, lete sukari. Mtilie huyu, mpaka kijiko kisimame."