Nani Alikuwa Chini ya Ngazi

Kinyozi alikuwa na wivu wa kuonea hata kivuli cha mkewe. Mkewe, fundi rangi, alipovamiwa na nyigu akiwa juu ya ngazi akipaka chini ya paa, watu wote walimpa pole. Mumewe aliuliza nani alikuwa chini ya ngazi.

Alikuwepo fundi bati, mtanashati mwenye kucheka ovyo. Ndiye aliyemteremsha, akamfunika koti lake, akamkimbiza zahanati. Kinyozi alisikia "akamfunika", na mengine hayakumwingia. Mkewe alichomwa sindano, uvimbe ukashuka, akarudi nyumbani na lile koti. Kesho yake mteja aliyeomba kupunguzwa nywele kidogo tu alitoka kwa kinyozi na upara.

Siku iliyofuata mkewe hakuinuka. Alisema mwili wote unauma kama aliyetwangwa, akatapika chai, akageukia ukutani. Kinyozi hakuona ugonjwa pale, aliona mapenzi. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia. Mke asiyekula kwake, ipo namna. Akakaa sebuleni kunusa nusa koti la watu.

Jioni fundi bati akapiga hodi. Kinyozi aliujaza mlango.

"Umefuata koti?"

"Koti baadaye, shemeji. Mpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Amenipigia simu, anasema tangu jana anakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Nimeuliza zahanati, wanasema sumu ikizidi inaua figo hata kama uvimbe umeisha."

Lile "shemeji" lilimchoma, lakini la mkojo ndilo lililommaliza. Mwanamume mwingine ajue rangi ya mkojo wa mkewe, na yeye anayelala naye kitanda kimoja asijue! Akaingia chumbani.

"Kwa nini umemwambia yeye?"

"Kwa sababu nilijua ataniuliza mkojo una rangi gani," mkewe alisema. "Wewe ungeniuliza namba yake nimeipata wapi."

Kinyozi alimzungushia shuka. Alimbeba hadi kwenye teksi, na hata humo akahakikisha amekaa kati ya mkewe na fundi bati.

Daktari alisema ni jambo la nadra. Sumu ya nyigu wengi huvunja misuli na damu, na mabaki yake huziba figo. Mgonjwa huona uvimbe umeshuka, akadhani yamekwisha. Wangelala nyumbani usiku huo, wangemkosa. Sasa damu yake ingesafishwa kwa mashine mpaka figo ziamke, na kila mkojo atakaopata upimwe na kutazamwa rangi.

"Nitatazama mimi," kinyozi akawahi kusema, mwingine asije akajitolea.

Fundi bati aliaga akaenda zake. Kinyozi akabaki kando ya kitanda, kopo la kupimia mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nyigu wale akajisikia mume wa mtu.

Asubuhi mkewe alijigeuza, akashika ukingo wa kitanda. Kinyozi akainuka upesi na kopo lake. Mkewe alimtazama bila hasira yoyote.

"Niitie nesi," akasema.