Chungwa la Mama Mpunga

Mpunga ulikuwa umeshika mimba, ndiyo maana Samniang aliwahi shambani na kapu la machungwa. Alichomeka kijiti cha mwanzi kando ya tuta, akaning'iniza kitana, kioo kidogo na kikopo cha poda, kisha akapanga machungwa chini yake. Mama Mpunga, roho ya mpunga, naye ni mwanamke, na mjamzito hutamani vitu vichachu.

Hajamaliza kuomba, gari la Wichian, mwenye shamba, likasimama barabarani. Bwana huyu ana duka la mabati mjini, na shambani huonekana siku ya kupokea kodi tu.

"Dada Samniang, niazime kofia yako," alisema hata kabla ya salamu.

"Ya nini, bosi?"

"Afisa kilimo anakuja kumpiga picha mkulima."

Samniang alielewa. Ruzuku ya serikali ni ya anayelima, si ya mwenye ardhi. Redio ilikuwa imelisema hilo mpaka watoto wakalikariri. Lakini anayekodi shamba haandikishwi bila saini ya mwenye ardhi, na kila alipoiomba, Wichian alikuwa na haraka. Fedha hiyo ndiyo aliyoitegemea kulipia mashine ya kuvuna.

"Na mimi je?"

"Wewe si utaendelea kulima? Jirani yako Prasoet kila siku ananiuliza kama shamba liko wazi. Namwambia haliko, huyu dada ni kama ndugu yangu."

Samniang akavua kofia.

Wichian akaivaa, akachuchumaa kwenye tuta, akaokota chungwa la Mama Mpunga na kuanza kulimenya.

Afisa alikuja kwa pikipiki, binti mmoja aitwaye Orawan, jasho likimtiririka.

"Ingia ndani kidogo, mjomba, mpunga uonekane vizuri."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Wichian alitaka cha matopeni bila kuvua viatu. Hakufika mbali, mguu ukazama. Akapapasa, akadaka mashina ya mpunga na kwenda nayo chini. Samniang ndiye aliyeingia kumvuta.

Orawan alikuwa anatazama kile kijiti cha mwanzi na maganda yaliyotupwa chini yake.

"Mjomba, sadaka hii kaiweka nani?"

"Mimi."

"Kwetu bibi hakumruhusu babu hata kuigusa. Si kazi ya wanawake hii?"

"Basi mke wangu. Unapiga picha au unafanya upelelezi?"

Binti akaitazama miguu ya Samniang, iliyojaa tope hadi magotini. "Shangazi," alisema taratibu, "nani analima hapa?"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Leo haki ilikuwa inatolewa mbele ya mnyongaji mwenyewe, na Wichian bado alikuwa ameushika mkono wa Samniang asije akaanguka tena.

"Bwana Wichian," Samniang alijibu.

"Mimi naandika ninachoambiwa," alisema Orawan, kana kwamba kuna mtu aliyemlaumu. Akainua simu. "Shangazi, sogea pembeni. Unaingia kwenye picha."

Samniang akasogea.

Walipoondoka, Wichian alikuwa bado amevaa kofia ile. Samniang alirudi majini na kichwa wazi, jua likimchoma utosini, akaanza kuinua mashina yaliyolala. Mengine yalisimama. Mengine yalikuwa yamevunjika, na masuke machanga yalikuwa yangali ndani. Aliyabeba mpaka kwenye kijiti, akazoa maganda, akapanga upya machungwa yaliyobaki.

Kisha akapiga magoti. Alitazama kwanza barabarani, kisha upande wa shamba la Prasoet, kuhakikisha hakuna wa kumsikia.

"Mama," alinong'ona, "anayelima hapa ni mimi."