Alama Ndani ya Spika za Mtito Andei

Farhiya aliruka chuma kinachozuia mlango, akaingia dukani kwa Syombua, fundi wa redio pale mjini Kabati. Nyuma yake vijana wa pikapu walibeba spika mbili za zamani, kila moja kimo cha beberu.

"Fundi, hizi zimekaa stoo ya hoteli yetu Mtito Andei tangu tuinunue. Niambie tu zimetoka wapi. Kiama wa Nairobi, yule wa kununua vitu vya kale, ameapa ni za Uingereza. Lakini hazina jina popote."

Syombua alizizunguka akizipapasa. Marehemu baba yake, Mbithi, alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, na zamani alipenda kusimulia jinsi alivyoundia baa moja ya Mtito Andei spika mbili, mwenye baa akamkataza kuweka alama yake ili wateja wadhani ni mali ya Ulaya. Syombua akiwa na miaka kumi na mitano alimcheka mbele ya wageni. "Baba, spika zako si zingeingia nyuki!" Wageni walishika mbavu. Mzee hakuisimulia tena hadithi ile mpaka alipofariki.

Alikwangua ukingo kwa kisu. Akamwonyesha Farhiya: mbao zilikuwa za mukau, mti wa huko wa kuchongea mizinga, ule ambao mchwa hawaugusi.

"Kumbe Kiama ni muongo?" Farhiya aliuliza.

"Ngoja kwanza. Mafundi wa mukau ni wengi huku kwetu."

Akafungua mgongo wa moja. Pembe zilikuwa zimeumana bila msumari hata mmoja, na miaka yote hiyo hata unywele usingepita. Fundi ni fundi. Syombua alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Ndani mlijazwa nyuzi za katani. Alizivuta taratibu, akamulika kwa simu. Pale ambapo mwenye baa asingechungulia kamwe, palichomwa kwa moto mistari miwili na ndoana. Ndiyo alama iliyokuwa kwenye kila mzinga wa Mbithi.

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Hii ni alama ya Mbithi, Farhiya, baba yangu mzazi. Alisema aliziunda, nikamcheka kama muongo."

Farhiya akamshika bega. "Basi Kiama asahau. Hizi zinarudi hotelini, na mtu akiuliza tutamwambia ni za mzee Mbithi."

"Na usipokuwepo, nani atawaambia?"

Syombua alienda mlangoni, akainama, akaokota kile chuma. Kilikuwa cha baba yake, cha kuchomea alama mizinga, na kwa miaka minne yeye alikifanya kizuizi cha mlango. Akakitia kwenye jiko la makaa mpaka kikawa chekundu.

"Nisamehe, baba," alisema kwa sauti, wala hakuona haya.

Akaigandamiza alama ile mbele ya spika, juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila mtu. Moshi wa mukau ukajaa duka. Nyuma yao mlango ulibamizwa na upepo, ukafunguka, ukabamizwa tena, wakauacha ubamizwe.