Milioni Moja na Tatu

Usiku wa jana niliota. Karibu na alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikigonga jikoni, tik, tik, nikaamka humo humo ndotoni kwenda kukinyamazisha.

Jikoni hakuna jiko. Kuna uwanja wa harusi, na sinia la pilau limesimama wima mlangoni, likipokea wageni.

"Shikamoo, Bibi," linasema Sinia. "Unajua kugawanya?"

"Marahaba. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu ya kugawanya," najibu. "Hata maandazi nikigawa, langu ndilo linalokosekana."

"Utatosha. Wenzako wamekimbia."

Mgeni alikuwa mmoja, jina lake Milioni Moja na Tatu. Lakini alikuja na watu wake wote, milioni moja na watatu, na wote wameshanawa. Sharti la shughuli ni hili: kila sinia liwe na watu sawa, la sivyo hakuna anayekula.

Nawaketisha wawili wawili. Anabaki mmoja. Watatu watatu, anabaki mmoja. Watano watano, wanabaki watatu. Kwa kumi na moja napata sawasawa, napiga kigelegele. Kumbe wanne wako nyuma yangu, wamenishikia kanga isiburutike.

Pilau inapoa.

"Usijisumbue, Bibi," anasema Milioni Moja na Tatu kwa sauti ndogo. "Mimi ni namba tasa. Sigawanyiki ila kwa moja na kwa mimi mwenyewe."

"Basi kila mtu na sinia lake."

"Huo ni uchoyo," linasema Sinia. "Na sinia moja la watu milioni halipiti mlangoni."

"Tutarudi na njaa," anasema mgeni. "Tumezoea."

Neno tasa nalijua. Niliitwa hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka marehemu dada aliponiachia wanawe wanne. Leo nina wajukuu tisa, na wote wananishinda hesabu.

"Nani kakuita tasa?"

"Vitabu."

"Vitabu havijaandaa shughuli hata moja."

Nawaketisha wanne wanne. Wanabaki watatu, mikono imeshawakauka, wanatazama chini kama waliovunja chombo cha watu. Kugawanya kumenishinda tena. Ninachokiweza ni kujumlisha. Navua kandambili, naketi nao.

Sinia linahesabu kimya kimya.

"Milioni moja na wanne," linasema. "Masinia laki mbili na nusu, na moja juu. Bismillahi."

Tunakula. Wa kushoto kwangu ananisogezea mnofu, halafu anajifanya anatazama kwingine.

Nilipoamka, simu ilikuwa na ujumbe. Namba ya mtumaji haikuanza na sifuri kama za watu. Ilikuwa 1000003.

"Bibi, utakuja tena lini? Chai iko tayari, tumeketi wanne wanne, na watatu wamesimama mlangoni."