Nusu Mita Juu ya Naitiri

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, fundi Naim alipiga magoti kando ya gari la Bwana Wakonyo kwenye gereji yake nyuma ya msikiti, mjini Kitale. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, akapata sentimita hamsini na mbili. Magurudumu mengine matatu yalikuwa vivyo hivyo. Kisha akalala chali juu ya katoni akapima kutoka sakafuni hadi tumboni mwa gari. Ishirini na moja, kama kitabu cha gari kilivyosema.

Wakonyo, mkandarasi wa barabara, hakuridhika. Aliponunua gari hilo la kifahari alilipia zaidi liwekewe shoki za kujirekebisha, zile zinazolainika au kukazana zenyewe kulingana na njia. Hakuagiza gari liinuliwe. Lakini kila Jumanne na Alhamisi, akienda kuangalia mahindi yake ng'ambo ya Naitiri, gari lilipanda juu na kubaki huko. Mkewe alikuwa ameacha kuandamana naye baada ya kuchana sketi ya pili akishuka.

Naim alimsomea ukurasa wenyewe. Gari lenye shoki hizo na lisilo nazo, kimo ni kile kile.

"Hapa Kitale haina shida," Naim akasema. "Twende tukaipime kule inakougulia."

Kutoka barabara kuu hadi Naitiri ni kilomita kumi na moja, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Matope yalipoanza, gari lilipanda taratibu kama mtu anayeingia kwenye veranda, likaendelea bila kutikisika. Pikipiki mbili zilikuwa zimezama hadi kwenye injini. Wenyewe walivuta miguu kupisha tairi, wakasalimia.

Walisimama mbele ya boma la Everlyne, mjane aliyekuwa akiwamwagia kuku mtama. Naim aliruka chini, matope yakamfika juu ya kifundo. Kutoka gurudumu hadi bodi bado ilikuwa hamsini na mbili. Kutoka matopeni hadi tumboni mwa gari, sabini na moja. Akapitisha mkono kati ya tairi na matope. Hapakuwa na kitu ila hewa yenye joto kidogo, iliyonukia lami mbichi. Akaipima pia. Nusu mita kamili.

Nusu mita hiyo Naim aliikuta imeandikwa kwenye mlango wa banda la kuku. Mlango huo ulikuwa bango la mradi, lililoanguka miaka mitatu iliyopita, likiwa na jina la Wakonyo kama mkandarasi na maelezo ya kazi: changarawe sentimita ishirini, kokoto ishirini na tano, lami tano. Naim alijumlisha kwa sauti, maana kuku walikuwa wakipiga kelele.

"Mkubwa, hizi shoki hazijainua gari hata unywele," akasema. "Gari iko juu ya barabara. Ni sisi wengine ndio hatuko."

"Inaweza kushushwa?"

"Hiyo si kazi ya spana."

Wakonyo alifikiri kidogo, akamwomba amtengenezee ngazi ya kukunja.

Everlyne aliyasikia yote. Hakushangaa, barabara hiyo aliisikia ikizinduliwa kwa hotuba mbili na ng'ombe mmoja, na alijua lazima iwe mahali. Alichowaza ni mke wa mwanawe, Vivian, mwenye mimba ya miezi minane. Nesi wa zahanati alikuwa amesema mtoto amekingama tumboni na lazima mama akafanyiwe upasuaji Kitale. Mtoto wa kwanza naye alikingama. Pikipiki iliyombeba Vivian ilikwama kwenye kilomita ya nne, na mtoto huyo alizikwa nyuma ya jikoni. Everlyne alienda kanisani, akaazima benchi la shule ya Jumapili, akaliweka kando ya njia.

Uchungu ulianza Alhamisi ya wiki iliyofuata, mapema kuliko ilivyotarajiwa, mvua ikinyesha. Gari lilipotokea shambani likirudi Kitale, ndani alikuwamo pia injinia Kipkirui, aliyetumwa kukagua barabara baada ya wanakijiji kuandika barua ya malalamiko. Alikuwa na kikombe cha chai kisicho na kifuniko. Kilikuwa kimejaa.

Everlyne alipanda juu ya benchi ndipo akafikia dirisha.

"Mheshimiwa, leo hatukuombi barabara. Tunaomba kiti tu."

Wakonyo alimtazama Kipkirui. Kipkirui alitazama chai yake. Mlango ukafunguliwa, na wanawake wakaombwa wavue gambuti kwanza.

Walifika barabara kuu kwa dakika kumi na tano. Kwenye kilomita ya nne Vivian alitazama nje mara moja, akafumba macho. Jioni hiyo alijifungua msichana hospitalini, kilo tatu kasoro, mwenye mapafu mazuri.

Kipkirui aliandika ripoti kabla ya kulala. Alieleza kwamba yeye mwenyewe amesafiri na mama mwenye uchungu wakati wa mvua kubwa, chai haikumwagika, mama na mtoto ni wazima. Malalamiko hayana msingi. Kazi imekamilika. Akatia sahihi.

Vivian aliruhusiwa kutoka Jumanne. Pikipiki iliwashusha pale matope yanapoanza, wakaendelea kwa miguu, Vivian akishikilia mshono, Everlyne akiwa na mtoto. Gari lilikutana nao likielekea Kitale. Tairi zilipita usawa wa nyonga zao, safi kabisa. Wakonyo alipiga honi na kupunga mkono, kwa kuwa katika salamu hakuwa mtu mbaya.

Benchi halikurudishwa kanisani. Everlyne alilifunga kwa waya kwenye kigingi lisiibwe, na wajawazito wa Naitiri wakaanza kumuuliza nesi kama tarehe zao zinaweza kuangukia Jumanne au Alhamisi. Nesi aliahidi kujaribu.

Wiki mbili baadaye jirani wa Everlyne, Jeruto, alifika kwenye benchi asubuhi na mapema, na beseni na shuka mbili. Uchungu ulikuwa ukimjia kila baada ya dakika kumi. Everlyne alifungua mwavuli, akaketi karibu naye, na wote wawili wakatazama upande wa shamba la Wakonyo.

Ilikuwa Ijumaa.