Mkaja wa Watasema

...na jembe kaja nalo kweli, namwona kwa matundu ya makuti ya ua, kalitia begani kama watu wanaongojea jeneza litoke, ala, jeneza la nani, mbwa wangu Watasema huyu hapa juu ya gunia anapumua, ubavu unapanda ubavu unashuka, kula tu ndiko hataki, na siku ya nne ndiyo leo, na uji huu unapoa mkononi mwangu, lamba, mwanangu, lamba japo mara moja nikuone, mbwa gani wewe wa kuringia chakula, wewe uliyekula hata sabuni yangu ya mche... "Mwamvua!" anaita huko nje, mume wangu Hatibu, haingii, mbwa najisi, malaika hawaingii alimo mbwa, mwanamume mzima anaongea na mkewe kupitia makuti, "Mwamvua, basi la Moa saa nne, umeshafunga mizigo?" sijafunga, bwana, kikapu kiko wazi na kitakaa wazi, lakini hayo nayasema moyoni, mdomoni nasema "Bado anapumua," naye anaguna, nalijua guno hilo, miaka thelathini nimelala nalo, ni guno la mtu aliyekwisha shinda.

Na ushindi nimempa mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, hakuna aliyenilazimisha, alipokuja Jumamosi na maneno yake yale yale, mwanamke hakai peke yake Pongwe, nguruwe pori wamejaa, wezi wamejaa, njoo Moa ukae na mwenzio, nikamwambia mlinzi wangu ninaye, akacheka, akasema mlinzi gani aliyepasuliwa tumbo leo, huyo hafiki Jumanne, mimi nami na hasira zangu, hasira hizi zitanizika, nikasema wallahi Hatibu, mbwa akipona nakaa kwangu na hayo ya Moa usinitajie tena, akifa napanda basi na wewe, wallahi billahi, limetoka, na neno likitoka halirudi. Moa si kubaya, samaki tele, na Asmahani mke mwenzangu si mbaya, watoto wake wanne nimewapokea kwa mikono hii, nawapenda, Mungu shahidi, lakini kile kichumba cha nyuma nakijua, kile kilichopakana na choo, mama mkubwa chota maji, mama mkubwa mbembeleze huyu, mama mkubwa sogea kidogo wageni wakae, na huku shamba la muhogo aliloniachia baba likifukuliwa na nguruwe mpaka mzizi wa mwisho, hapana, siendi, lamba basi, Watasema, utanitia aibu mbele ya huyu mwenye jembe...

Jina nilimpa mimi, mwaka ule Malkia alipotawazwa, Bibiana jirani yangu, mke wa mkata mkonge, Mkristo wa watu, alinijia na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, akasema Bi Mwamvua, nguruwe wanakumaliza, chukua hiki, nikachukua, wakaja wasemaji, eti Mwislamu na mbwa, eti hana mtoto sasa analea mbwa, nikawaambia karibuni, jina lake ndilo hilo hilo mnalolifanya, Watasema, shekhe mwenyewe alisema mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa, na twahara naijua, ndoo ya maji hii hapa na udongo mwekundu huu hapa, akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, sijakosa sala hata moja kwa ajili yake, na nguruwe tangu siku hizo wanapita mbali, wanakwenda kula kwa wasemaji, hee! "Ernesti nimekutana naye njiani," anasema Hatibu, "kasema mwenyewe, siku ya nne asipokula hakuna tena," najua kasema, kaniambia hata mimi, ndiye mtumishi wa daktari wa mifugo, kijana wa Kisambaa mwenye adabu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mshike kichwa mama asiogope, ile Jumamosi, kwenye meza ya mbao nyuma ya ghala la mkonge...

Maana amri ilikuwa imetoka, meneja wa shamba la mkonge kasema majike wote wa mbwa walio karibu na kambi ya wakata mkonge, wakitaka dume wanakusanya madume ya Pongwe nzima, na kichaa cha mbwa kimeingia, basi jike atolewe kizazi au apigwe risasi, chagua, nikachagua, nikamfunga kamba nikampeleka kwa miguu yake, anatikisa mkia njia nzima, anadhani twaenda shambani, wakamdunga sindano ya usingizi, kichwa kikanilegea mkononi, nami sikutazama kisu, nilitazama sikio lake, na walipomaliza nikauliza, Ernesti mwanangu, hicho kizazi mnakipeleka wapi, akasema tutakifukia, mama, kwa upole, nikarudi nimembeba kifuani, mzito kama mtungi, na njia nzima nalia, nalia kama mjinga, kwa kuwa nimempeleka mwenyewe akafanywe mimi, Mungu alinifanya hivi kwa siri yake, huyu kafanywa kwa mkono wangu, basi asipokula nitamlaumu nini, mimi nami mwaka ule mganga wa tatu aliposema haizai hii nilikaa siku ngapi sili, nimelala nimegeukia ukuta, mama ananiletea chakula na kuondoa chakula, mgomba haushindwi na mkunguwe, waliniimbia harusini, na mgomba usio na mkungu je, hakuna aliyeniambia.

"Umemfunga nini huyo?" ameona, kachungulia, ana macho ya kunguru huyu, "Kitambaa," nasema, kitambaa, muongo mkubwa mie, ni mkaja, Hatibu, ni mkaja wangu, mama aliupinda mwenyewe mwezi wa harusi yetu, mweupe, mrefu, wa kunifunga tumbo siku nitakapojifungua, ukakaa sandukuni na karafuu miaka thelathini, na mama kafa akiuliza mkaja uko wapi mwanangu, upo mama, na Jumamosi jioni Watasema alipozinduka akaanza kulamba kidonda, na Ernesti alishasema akilamba nyuzi zitafumuka, nikatafuta shuka halikutosha, nikatafuta kanga ikamteleza, nikafungua sanduku, nikautazama, ukanitazama, nikasema bismillahi nikamzungushia, tumboni mara tatu, fundo mgongoni, barabara, hata Ernesti jana alipoufungua kukagua akasema mama, mshono mkavu hivi sijauona hata kwa mbwa wa Wazungu, umejifunza wapi, nikasema kwa mke mwenzangu, kweli, mara nne nimemfunga Asmahani, mara nne nimemkanda kwa maji ya moto, siku arobaini arobaini nimemkorogea uji na pilipili manga, uji mzito wenye kukereketa, wa kumrudishia mzazi nguvu, kama huu huu hapa, nimetwanga pilipili alfajiri mpaka macho yakanitoka machozi, mpya kila siku, kijiko kizima, kwa kuwa mwenye tumbo lililoguswa hupewa uji wenye pilipili, nani asiyejua hilo, lamba basi, lamba...

Chafya! Tena! Kila nikimsogezea bakuli anapiga chafya na kugeuza uso, Jumapili chafya, jana chafya, nikasema baridi imemwingia kidondani, usiku kucha nimemfunika kanga, na bakuli likiondoka chafya inaondoka, likirudi inarudi... likirudi... hebu, Mwamvua, hebu kaa kitako ufikiri, sogeza bakuli, chafya, ondoa bakuli, kimya, sogeza, chafya, lo! lo salale! mimi mwanamke mjinga kuliko wote waliozaliwa kati ya hapa na Moa, mbwa na pilipili manga! pua inayonusa nguruwe aliyeko ng'ambo ya mto, nami naichomeka kwenye pilipili siku nne na kumwambia kula, mwanangu, halafu nakaa kulia kwamba ana huzuni, kwamba analilia kizazi chake, kizazi gani, hata hajui alikuwa nacho, huyu hana huzuni yoyote, huyu ana njaa! njaa na mpishi mbaya! nacheka, mkono juu ya mdomo, Hatibu asinisikie, tumbo langu linatikisika kwa kicheko, tumbo hili hili, na huzuni ile ya ukutani nayo, ile ya miaka yote, yangu kweli ilikuwa, au nilipikiwa na watu, wakanisogezea bakuli kila siku, maskini Mwamvua, pole Mwamvua, nami nikadhani ninaumwa.

"Mwamvua, nyamaza usilie," anasema huko nje, yarabi, kadhani nalia, "ni mbwa tu, Asmahani kakutumia yule changu, umemwona, ule upate nguvu ya safari," changu! alinirushia juu ya makuti tangu asubuhi, wa kuchoma, kafungwa jani la mgomba, huyu hapa pembeni sijamgusa, nani ana hamu ya samaki wa kuhamishiwa, nafungua jani, harufu hiyo inatoka, na sikio la Watasema, sikio lile, linasimama, peke yake, mwili wote umelala na sikio limesimama, ahaa, tumeelewana, ngoja nitoe miiba, kidogo kidogo, nyama nyeupe kiganjani, usiharakishe, harakaharaka haina baraka, shika... na kichwa kinanyanyuka, pua inatikisika, hakuna chafya, ulimi huo, wa joto, mkavu kama msasa, kiganja kizima, katikati ya vidole, na tena, na tena, ananitazama mimi na kumtazama changu, kamaliza, anataka nyingine, mpe, mpe na huo ubavu wa mafuta, kula mwanamke mwenzangu, kula samaki wa Asmahani, Mungu ambariki mke mwenzangu kwa mkono wake wa kuchoma samaki, anasogea, anainua kifua, anasimama! miguu inatetemeka na kasimama, na mkaja wa mama haujalegea hata fundo, mama, unaona, umefungwa, umefanya kazi yake, uko wapi mkaja mwanangu, huu hapa mama, na mkia unapiga gunia, pu, pu, pu, nitaosha mara saba, nitaosha kwa raha zangu zote, maji yapo na udongo upo.

"Ndiyo ameshakata roho?" anauliza, kasikia kishindo cha mkia kadhani ni kitu kingine, "Mwamvua? Jua linapanda. Niambie nichimbe wapi," na mimi nafungua mdomo nimwambie, njoo utazame, njoo umeze maneno yako, halafu naufumba, la, kwa nini, haraka ya nini, nimengoja miaka thelathini, na kule pembeni ya jiko lipo chipukizi la mgomba aliloniletea Bibiana wiki ya juzi, limekaa kwenye kopo la maji linaningoja, mgongo wangu mbovu nitachimba lini, na mwanamume huyu hapa, ana nguvu, ana jembe, ana hamu ya kuchimba... "Chimba hapo ulipo, bwana," nasema, sauti yangu tamu mpaka mwenyewe naishangaa, "hapo hapo nje ya ua, lakini lipeleke chini, nusu shimo sitaki," naye anatema mate viganjani, bismillahi, na jembe linaanza, pu, pu, nje jembe na ndani mkia, namvunjia Watasema kichwa cha changu, namshikia, chimba, Hatibu, chimba vizuri, mume wangu, mgomba hautaki shimo fupi.