Dakika Kumi na Mbili za Kuzika Upanga

Nianze na hili tusije tukasumbuana: Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Niliishia kidato cha pili, na hicho chenyewe nilikisoma kwa kurukaruka. Lakini kwenye kibanda changu cha gemu hapa Mpanda mmoja anacheza, ishirini wanatazama, na hao ishirini wanataka kujua kwenye skrini wanasema nini. Kwa hiyo nashika kipaza sauti, natafsiri, ndiyo maana wananiita DJ. Nisipoelewa, natunga. Anayeniita mwongo aje akishike yeye.

Gemu lililonipa jina ni la Zereda, binti mfalme anayepigana na majitu ya moto. Mwishoni mdogo wake, Oli, anatumbukia mtoni, na hadithi inakatikia hapo. Siku tuliyolimaliza, miaka miwili iliyopita, mlangoni alikuwa amesimama Mama Amosi, anayekaanga samaki wa migebuka hapo nje.

"DJ, huyo kijana amekufa?" akauliza.

Mtaa mzima ulijua kwa nini anauliza. Mwanawe Amosi alikuwa mvuvi huko Kapalamsenga, Ziwa Tanganyika. Miezi mitatu kabla aliingia ziwani, upepo ukapiga, mtumbwi ukaonekana na kasia lake ndani, yeye hakuonekana. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Hajafa. Amechukuliwa na watu wa chini ya maji. Atarudi sehemu ya pili." Kwenye skrini hakuna aliyesema hivyo. Nilimwonea huruma, basi.

Huruma yenyewe ikanigeukia. Kila tukirudia lile gemu Mama Amosi anaingia, anakaa benchi la mbele na mikono yake ya mafuta, anasubiri mwisho, nami narudia uongo uleule. Ukoo ukamwomba waanue matanga, akakataa katakata. "Mtamzika nani? Mmemwona?" Mkwewe, Aneth, akabaki hajulikani ni mke wa mtu au ni mjane. Nilijiambia hayo ni mambo ya ukoo wao, mimi yananihusu nini?

Mwaka huu nyongeza ya hadithi ya Zereda ikatoka. Kuipakua kulinila siku nne, umeme ukikatika na kurudi. Jumamosi mchana kibanda kikafurika. Mama Amosi akaacha karai jikoni akaja kukaa mbele. Doto, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, ndiye aliyecheza.

Haikuanza na vita, ilianza na jeneza. Zereda kavaa nguo nyeusi, kashika upanga mdogo wa Oli, akaulaza ndani ya jeneza tupu. Kisha watu wa ufalme wakapita mmoja mmoja kutupia udongo, polepole, dakika kumi na mbili nzima, na Doto abonyeze asibonyeze hakuna kuruka.

"DJ, mbona kimya?" akapaza sauti Doto.

Simon, anayesoma chuo Dodoma na aliyekuwa likizo, akageuka kunitazama. Yeye Kiingereza anakijua. Niliogopa, nakiri. Ningeweza kusema wanazika silaha ya adui, au kwamba ni ndoto tu, chochote. Lakini Mama Amosi hakuwa anatazama skrini, alikuwa ananitazama mimi.

"Wanamzika Oli," nikasema. "Alikufa maji siku ileile. Mimi ndiye niliyesema atarudi, na nilidanganya."

Kibanda kikalipuka, tena wala si kwa sababu ya uongo wangu.

"Aah, hawa wanatuzingua!" Doto akasimama. "Miaka miwili tunasubiri, halafu tunaletewa mazishi?"

"Nyie hamjui hadithi," Simon akamjibu. "Hapo ndipo utamu ulipo." Akatoa simu. "Hata huko mtandaoni wamegawanyika. Nusu wanasifu, nusu wanatukana. Huyu anasema aliyeweka mazishi haya hana kazi ya kufanya."

"Kasema kweli!" wakaitikia wa nyuma.

Mama Amosi akainua mkono.

"Mwili wake waliupata?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Na dada yake amekubali wazike upanga?"

"Amekubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta."

Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Nje samaki wake walikuwa wameungua wote. Kwa siku tano hakukaanga kitu, na kila nikiona lile jiko la baridi nilijiona mshenzi. Siku ya sita akasimama mlangoni kwangu. "Jumamosi tunaenda Kapalamsenga, DJ. Na wewe unakuja." Haikuwa mwaliko, ilikuwa amri.

Tukaenda. Doto na wenzake nao wakapanda lori, na hakuna aliyewaita. Kaburi lilichimbwa karibu na la babu yake Amosi. Ndani ya sanduku Mama Amosi akaweka shati la kazi na lile kasia. Katekista akamaliza sala, watu wakasogea kuchukua udongo, lakini mama akawazuia, akanigeukia.

"Ulisema hajafa, ukasema mbele za watu," akaniambia. "Na hawa hapa ni watu. Haya, sema."

Hapakuwa na kipaza sauti, wala Kiingereza cha kusingizia.

"Amosi amekufa," nikasema. "Alikufa maji."

Aneth akaangua kilio, kile alichokuwa amekibana miaka miwili. Mama Amosi akamshika mkono, wakachota udongo pamoja, wakaumwaga. Kisha ukoo ukapita mmoja mmoja, kisha majirani, kisha wavuvi wenzake. Ilichukua karibu saa nzima, na jua lilikuwa kali. Doto alikuwa wa mwisho kabisa kwenye mstari. Alisimama pale na udongo wake mkononi mpaka zamu yake ikafika.